Inchi Mbili za Kufika Natron

Barabara inayotoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron inaufuata ukuta wa Bonde la Ufa kwa zaidi ya kilomita mia moja. Ukuta uko kushoto, uwanda mkavu uko kulia, na mbele kabisa unasimama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauheshimu kuwa makao ya Mungu. Kiangazi njia hiyo ni vumbi, mawe na makorongo makavu. Magari yanayopita huko kwa wingi ni Land Cruiser, hasa zile za mfululizo wa 70 zilizoanza kuundwa mwaka 1984 na ambazo gereji za Arusha huzirefusha na kuzitoboa paa kwa ajili ya watalii. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida, fedha ya gari la namna hiyo ni fedha ya kujenga nyumba. Ndiyo maana wako watu wengi waliozaliwa Arusha, wakakulia Arusha na kuzeekea Arusha, ambao hawajawahi kuuona mlima huo kwa karibu, ilhali mgeni aliyetua jana uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) anapelekwa huko kesho yake.

Jambo hilo limeniuma kwa muda mrefu, na nikaamua kulitafutia jibu kwa gari ambalo wenzangu wengi wanalo: RAV4 ya kizazi cha pili, ile iliyoundwa kati ya mwaka 2000 na 2005. Ipo kila mtaa. Vipuri vyake vinapatikana hadi wilayani, na fundi asiyeijua ni nadra. Swali lilikuwa moja tu: likifanyiwa nini, gari hili litafika Natron na kurudi bila kuvunjika?

Kwanza ni vizuri kuelewa gari lenyewe ni la aina gani. Toyota ilipoitoa RAV4 mwaka 1994, ilikuwa imechukua mpangilio wa gari dogo la mjini, ikalipa kimo na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Halina chesisi ya vyuma viwili virefu kama Land Cruiser au kama Suzuki Jimny. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kila gurudumu lina springi yake na linacheza peke yake. Difu ya nyuma imefungwa chini ya bodi, haikai kwenye ekseli nzima inayopanda na kushuka pamoja na matairi. Na halina ile gia nzito ya ziada ambayo dereva wa Land Cruiser huiingiza akitaka kupanda mlima wa mawe mwendo wa konokono. Mambo haya ndiyo yanayoamua nini kiguswe na nini kiachwe.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa makamo, mtaa wa Unga Limited hapo Arusha, mtu aliyetumia miaka mingi chini ya magari ya safari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka tulipandishe kiasi gani?"

Nikamwambia nimeona watu wamepandisha hadi inchi nne. Akatikisa kichwa, akaingia chini ya gari na tochi. Alipotoka alikuwa ameshika orodha, na kwenye orodha hiyo springi hazikuwamo kabisa. Kulikuwa na bushi za mikono ya mbele, bol jointi moja, mpira wa shafti uliopasuka na grisi iliyokuwa ikivuja. "Ukipandisha gari lililochoka," alisema, "umepandisha uchovu wake. Tutengeneze kwanza, halafu tuzungumze habari ya inchi."

Matengenezo hayo yalipokwisha, alinieleza kwa nini alikataa inchi nne. Bodi ikienda juu, magurudumu yanabaki chini, na shafti zinazotoa nguvu kwenye difu kwenda kwenye magurudumu zinalala kwa mteremko mkali zaidi. Jointi iliyo mwishoni mwa shafti imeundwa kuzunguka ikiwa imepinda kiasi fulani tu. Ukizidisha, inazunguka kwa kuumia, mpira wake unakunjika na kuchanika, mchanga unaingia, na jointi inakufa ukiwa porini. Inchi mbili, yaani sentimita tano hivi, gari hili linazivumilia. Zaidi ya hapo itabidi ushushe fremu ndogo inayoshika injini na difu, kazi ambayo kwa gari la umri huu haina maana.

Kuna njia nyingi za kuzipata hizo inchi mbili, na si zote ni salama. Wapo wanaopachika vipande vya raba katikati ya mikunjo ya springi. Gari linapanda kweli, lakini mikunjo iliyobanwa na raba haifanyi kazi tena, mzigo wote unahamia kwenye mikunjo iliyobaki, na springi hukatika. Wapo wanaounga springi kwa kulehemu. Hao wanacheza na uhai wa watu, maana moto wa kulehemu huharibu ugumu wa chuma cha springi pale pale penye kiungo. Wapo wanaoweka spesa za alumini juu ya shokapu ya mbele. Hiyo ni njia ya bei nafuu na inakubalika ikifanywa kwa kipimo, ila ukumbuke kwamba gurudumu likining'inia shimoni, spesa imelisukuma chini zaidi, na shafti inapinda kuliko kawaida. Sisi tulichagua springi ndefu kidogo na nene kidogo, zenye shokapu za kulingana nazo. Springi za namna hiyo hubeba mizigo bila gari kukaa chini nyuma, na shokapu mpya hutawala mtikisiko wa barabara mbovu kuliko zile za zamani zilizokwisha mafuta.

Matairi ndiyo yaliyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na yanastahili. Gari lilikuwa na tairi za 215/70R16, ambazo kimo chake ni milimita 707. Tuliweka 225/75R16 za njia mchanganyiko, zenye kimo cha milimita 744. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayoongezeka chini ya gari, yaani milimita 18. Faida kubwa zaidi ilikuwa kwenye ubavu wa tairi, ambao ni mrefu na mnene, unaoweza kukumbana na jiwe lenye ncha bila kutoboka kirahisi. Plastiki ya ndani ya madigadi ya mbele ilibidi ikatwe kidogo ili tairi lisiiguse usukani ukikatwa hadi mwisho. Tena kipima mwendo kinadanganya baada ya hapo: kikionyesha 80, gari linakwenda karibu 84.

Chini ya injini tulifunga bamba la chuma la milimita nne, lenye matundu ya kupitisha hewa na tundu la kumwagia oili bila kulifungua. Sampu ya RAV4 iko mbele na chini, na jiwe moja linatosha kuipasua. Halafu yakafuata mambo madogo ambayo mafundi wenye haraka huyasahau. Mipira ya breki na nyaya za ABS zilikaguliwa gurudumu likiwa limening'inia, kuhakikisha hazivutiki. Bomba la pumzi la difu lilirefushwa kwenda juu, kwa sababu difu ya moto ikiingia majini inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Taa za mbele zilishushwa ili zisiwapofushe madereva wanaokuja. Mwisho, alaimenti. Gari la springi za namna hii likipandishwa, matairi hubadili mlalo wake. Bila bolti maalumu za kurekebishia na mashine ya kupimia, yanaliwa upande mmoja kabla ya wakati. Tulipopima chini ya bamba, nafasi ilikuwa imetoka sentimita 19 hivi hadi 25, kwa kuwa bamba lenyewe nalo lilichukua sehemu yake.

Tuliondoka Arusha na mdogo wangu alfajiri, na lami ya kwenda Makuyuni ndiyo iliyonifundisha somo la kwanza. Gari lililopandishwa halikati kona kama zamani. Chukua gari ambalo umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.5, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 65 kutoka ardhini. Ukikipandisha sentimita saba, uthabiti wake dhidi ya kupinduka unapungua kwa karibu asilimia kumi. Ukiongeza keria yenye madumu ya maji na tairi la akiba juu ya paa, unapunguza zaidi. Kwa hiyo maji, zana na jeki tulivilaza sakafuni katikati, juu ya paa tukaacha mahema peke yake. Matairi mazito nayo hurefusha umbali wa kusimama. Tulikwenda 80, tukapitwa na mabasi na Noah zote, na hatukujali.

Mto wa Mbu tulijaza tangi, kwa sababu baada ya hapo mafuta yanayopatikana ni ya kwenye chupa na madumu. Tukanunua maji na ndizi nyekundu, zile zinazoupa mji huo sifa, tukageukia kaskazini. Kupita Selela kwenda Engaruka barabara inabadilika hatua kwa hatua: changarawe iliyopigwa greda, kisha vijituta vya mfululizo vinavyotetemesha kila bolti, kisha mabonde ya mito mikavu inayoshuka kutoka ukutani. Kwenye vijituta shokapu mpya zilijionyesha, magurudumu yakabaki ardhini na usukani ukatulia. Lakini nilisimama kila baada ya mwendo fulani na kuzigusa kwa nyuma ya kiganja. Shokapu inayofanya kazi hupata moto, na moto ukizidi, mafuta yake hupoteza nguvu ya kuzuia. Dawa ni kupumzika na kupunguza mwendo.

Engaruka tulisimama ili kukaza bolti za bamba, na kijana mmoja wa Kimaasai anayeongoza wageni akatupeleka kwenye mabaki ya mji wa kale. Watu walioishi pale kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18 walilima maelfu ya hekta katika nchi isiyo na mvua ya kutosha. Walichukua maji ya vijito vinavyoshuka ukutani, wakayasafirisha kwa mifereji ya mawe, wakajenga matuta ya mawe ili maji yasikimbie na udongo. Hawakutumia saruji. Ukifuata mfereji mmoja kwa miguu unaona jinsi mteremko wake ulivyopimwa kwa uangalifu, kwani ungezidi kidogo maji yangelichimba shamba, na ungepungua kidogo yangetuama. Nilisoma habari za Engaruka nikiwa shule ya msingi, nikazijibia mtihani. Kusimama juu ya kazi ya mikono ile ni jambo jingine kabisa, na kila mwanafunzi wa Tanzania angestahili kufika.

"Hii gari itafika Engare Sero?" nilimwuliza yule kijana, nikitaja kijiji cha kando ya Natron, maana yeye huona yanayofika na yanayorudi yakiwa yamefungwa kamba.

Aliinama akachungulia chini. "Itafika, kaka. Ila punguza upepo."

Alisema kweli. Baada ya Engaruka ardhi ni jivu la volkano, la milima ya Kerimasi na Lengai, laini kama unga, lililochanganyika na mawe. Matairi niliyoyajaza psi 32 kwa ajili ya lami niliyashusha hadi 20. Tairi lenye upepo mdogo hurefuka pale linapogusa ardhi, uzito ukagawanyika, likaelea juu ya jivu badala ya kulichimba. Kitendo hicho hakina gharama, na kinaongeza uwezo wa gari dogo kuliko kifaa chochote cha dukani, mradi uwe na pampu ya kurudishia upepo utakapofika kwenye njia ngumu. Kwenye mawe makali nilirudisha kidogo, kwa kuwa tairi lililolegea hutoa ubavu wake nje na kukatwa.

Mahali pa kupima kazi yote palikuwa korongo moja lenye kingo za kukata. Njia ilikuwa imeliwa na maji ya mvua zilizopita, ikabidi tuingie kwa mshazari. Mdogo wangu alishuka, akatembea mbele, akaniongoza kwa mikono. Gurudumu la mbele kulia liliingia shimoni, la nyuma kushoto likanyanyuka hewani na kuanza kuzunguka bure. Hapo ndipo inchi mbili zinapofika mwisho wa msaada wake. Springi za RAV4 hazina urefu wa kulifuata shimo, na difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lisilo na kazi. Mfumo wa kuunganisha mbele na nyuma una majimaji ya silikoni ambayo hukaza pale upande mmoja unapozunguka kuliko mwingine, lakini haugusi tofauti ya kushoto na kulia. Nilikanyaga mafuta taratibu huku mguu wa kushoto ukiigusa breki. Breki ikalizuia lile gurudumu la hewani, nguvu ikahamia kwenye lenye kushika, gari likapanda. Bamba la chuma lilikwaruza jiwe kwa sauti iliyotufanya tusimame na kuchungulia: mchubuko mrefu kwenye chuma, na injini iko salama. Bila bamba lile safari ingeishia hapo.

Alasiri Lengai ulikuwa umejaza kioo chote cha mbele. Huu ndio mlima wa volkano hai pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, lava nyepesi inayotiririka kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi inapotoka, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Mlipuko wa mwaka 2007 hadi 2008 ulimwaga majivu sehemu nyingi, na sehemu ya vumbi tulilokuwa tukilikata kwa matairi ilitoka kileleni mwake. Kuuona mlima huo ukiwa umeukaribia kwa gari lako mwenyewe, ambalo wiki iliyopita lilikuwa likibeba gunia la unga na watoto wa shule, kunakupa furaha ya kuwa mwenyeji katika nchi yako.

Engare Sero tulilipa ushuru wa kijiji na kupiga hema. Asubuhi tulikwenda ziwani na kijana wa pale, tukaliacha gari mbali na maji. Kando ya Natron kuna ukoko wa magadi unaoonekana mgumu kama sakafu, na chini yake ni tope. Gari lolote linaloingia hapo linazama, kubwa kwa dogo. Heroe wadogo walikuwa maelfu. Ziwa hili ndilo eneo kuu la kuzaliana la heroe wadogo wa Afrika Mashariki, kwa sababu magadi yake makali huwazuia wanyama wanaokula mayai na vifaranga wasivuke. Karibu na kijiji zipo pia nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoachwa kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, zenye umri wa maelfu ya miaka. Gari moja lililoacha njia kwa raha ya dereva lingeweza kuzisaga kwa dakika moja. Mwenye gari lililopandishwa ana wajibu mkubwa zaidi wa kubaki kwenye njia, kwa kuwa ndiye anayeweza kuiacha.

Tulijaribu pia ile njia inayoparamia ukuta wa Bonde kuelekea nchi ya Wasonjo na Loliondo. Gari lilipanda kona za kwanza vizuri. Baada ya hapo mteremko ulizidi, mawe yakalegea, na giaboksi ya otomatiki, isiyo na gia nzito, ikawa inachemsha mafuta yake kwa kuvuta mwendo mdogo. Tukageuza mahali palipo na nafasi. Kimo hakiwezi kuziba pengo la gia, na dereva anayejua mpaka wa gari lake hurudi nyumbani akiliendesha.

Tuliporudi Arusha, fundi alilipandisha gari kwenye jeki akalikagua. Mipira ya shafti ilikuwa mizima, bolti chache za bamba zilikuwa zimelegea, alaimenti ilihitaji kuguswa kidogo. Ulaji wa mafuta umeongezeka na utabaki hivyo, kwa sababu ya uzito wa matairi na upepo unaopita chini ya gari. Kampuni ya bima nayo lazima iambiwe kuhusu mabadiliko, kabla ya ajali na si baada yake.

Hukumu yangu ni hii. Gari dogo la namna hii, likipandishwa kwa kiasi, linafika sehemu kubwa ya nchi ambayo tulidhani ni ya wenye Land Cruiser peke yao. Anayetaka kupanda kuta za mawe kila mwezi atafute Jimny au Suzuki Escudo yenye gia nzito, asilitese RAV4. Mafundi nao nawaomba mkatae inchi nne hata mteja akija na fedha mkononi, na mkatae kabisa springi za kulehemu. Na wewe mwenye gari, fuata mpangilio: tengeneza kilichochoka, nunua matairi, kinga injini, pandisha inchi mbili, pima alaimenti. Kisha wachukue watoto wako uwapeleke Engaruka na Natron, kwa mwendo wa pole, bila kuacha njia.